Donge la Sembe

Paskalina Ngassa hakuwahi kujibu swali kabla ya kulirudia. Ungemuuliza basi la Tinde linapita saa ngapi, angesema kwanza, "Unauliza basi la Tinde linapita saa ngapi," kisha angetulia kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, ndipo akujibu. Marehemu mumewe alizoea kusimulia kwamba siku ya posa alingoja jibu mpaka ng'ombe wakarudi kutoka machungani. Wanawe walimtania, na katekista wa kigango chao alikwisha kukata tamaa. Yeye aliendelea vilevile. Alisema alijifunza akiwa binti, huko Tinde, kwenye mizani ya pamba: karani aliuliza haraka haraka, wazazi wake wakajibu haraka haraka, na kila msimu walirudi nyumbani wakiwa hawajui walichokubali.

Hosiana aliijua tabia hiyo kabla hajamwona mwenyewe. Aliikuta kwenye dodoso. Binti aliyetumwa kufanya usaili alikuwa ameandika pembeni, kwa kalamu iliyokandamizwa kwa hasira: "Huyu anarudia kila swali. Dakika themanini." Wengine wote kwenye rundo lile walikuwa wamemaliza kwa dakika ishirini. Hosiana alicheka peke yake ofisini. Kisha akaacha kucheka, akaitoa ile karatasi na kuiweka kando. Katika watu zaidi ya mia mbili, huyu ndiye pekee aliyeonekana kuyasikia maswali.

Hosiana alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kazi yake ilikuwa tathmini. Wanasayansi wakimaliza majaribio yao na kutangaza kwamba jambo fulani limefanikiwa, yeye hutumwa kwenda kutazama kama kweli limefanikiwa, kabla serikali haijaligeuza kuwa kanuni ya nchi nzima. Ni kazi isiyo na marafiki wengi. Ukikubaliana na watu, wanasema ulikuwa wajibu wako; ukipingana nao, wanakumbuka sura yako miaka.

Mradi uliokuwa mezani kwake safari hii ulihusu zebaki. Wachenjuaji wadogo wa Kahama na Geita huchanganya unga wa mawe na zebaki. Zebaki hushika dhahabu, vikawa donge moja la kijivu. Donge huchomwa, zebaki ikapaa kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo ndio unaowaharibu watu polepole, mikono ikaanza kutetemeka, meno yakalegea. Mradi ukagawa vyombo vya chuma vyenye bomba, vya kuunasa mvuke usimfikie mchomaji. Wanawake wa mwaloni, yaani pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuchenjuliwa, waliviita birika. Na ili kujua kama mabirika yanatumika kweli, kila kikundi kilipewa simu. Mchomaji anaweka donge ndani ya birika, anapiga picha kabla ya kufunika, na akili mnemba iliyoko kwenye mitambo huko Dar es Salaam inaitazama picha na kuamua kama uchomaji ule ni salama.

Baada ya miezi tisa, mitambo ilisema kati ya wachomaji mia, tisini na wanne wanatumia birika. Hakuna mradi wa zebaki uliowahi kufika hapo. Rasimu ya kanuni ilikwisha kuchapwa: kuanzia Julai, mchenjuaji asiye na picha za kutosha hatapewa kibali. Kilichobaki ni taarifa ya Hosiana na sahihi yake chini.

Alifika mwaloni asubuhi, kilomita chache nje ya Kahama, upande wa kwenda Kakola. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe, yalikuwa yakinguruma, vumbi jeupe limetanda hata kwenye kope za watu. Wanawake kumi na wawili wa kikundi walikuwa wamekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa, na katikati yao Paskalina, au Mama Mayala kama walivyomwita wenzake, mama mwembamba wa miaka hamsini na kitu, kanga kiunoni, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa maswali?"

"Ndiye mimi."

"Karibu ndoo. Yule binti wenu wa kwanza alikuwa na haraka kama mtu aliyepakia maziwa juani."

"Ulimtesa, Mama Mayala!" akadakia mama mnene aliyekuwa akichekecha unga wa mawe. Huyo alikuwa Sesilia. "Mtoto wa watu alikuja hapa na mashavu, akaondoka hana."

Wakacheka wote. Hosiana naye akacheka, akakaa, akafungua daftari. Alikuwa na desturi ya kutouliza chochote saa ya kwanza. Alitazama tu. Na katika kutazama akamwona Paskalina akichukua kifuniko cha kopo, akamimina unga wa sembe kiasi cha kijiko, akaongeza majivu kidogo, akadondosha maji na kukanda kwa vidole viwili. Likatoka donge dogo la kijivu. Akalitumbukiza ndani ya birika, akaelekeza simu, akapiga picha. Simu ikalia, alama ya kijani ikatokea. Kisha akalichomoa donge, akalirudisha kwenye kopo na kufunika, kama mtu aliyemaliza kupiga mswaki.

"Mama," alisema Hosiana polepole, "hilo ni donge la nini?"

"Unauliza hili ni donge la nini." Paskalina akatulia. "Sembe."

"Na la dhahabu?"

"Haa!" Sesilia aliweka chekecheke chini. "Upige picha dhahabu ikiwa bado ya kijivu? Mnataka tuuawe?"

Hapo ndipo Hosiana, mwenye shahada mbili na miaka kumi na tano ya kutathmini mambo ya watu, alipoelezwa jambo ambalo kila mtoto wa pale alilijua. Dhahabu isiyopita motoni haipigwi picha. Ikipigwa, inakimbia, moto ukizima utakuta imepungua au haipo kabisa. Na mawe si ya wanawake. Mawe ni ya wanaume waliotoka nayo mashimoni, nao husimama nyuma ya mchomaji mpaka dhahabu iive. Mwanamke akilaumiwa mara moja kwamba kafukuza dhahabu ya mtu, hapewi tena mawe mwalo huo wala mwalo wa jirani.

"Lakini mradi uliwaambia mpige picha donge," alisema Hosiana.

"Mradi ndio uliotufundisha sembe," alisema Paskalina.

"Nani aliwafundisha?"

"Unauliza nani alitufundisha. Edward. Kijana mzuri, mwenye adabu. Siku ya mafunzo alituonyesha hatua zote, na alipofika kwenye donge akaenda kwa mama lishe pale, akaomba unga, akakanda, akaweka majivu lifanane. Akapiga picha. Simu ikakubali. Sisi tukatazamana, tukasema, hawa watu wana heshima. Wameujua mwiko wetu, wakatutafutia njia bila kututia aibu."

Hosiana aliona kalamu imesimama juu ya karatasi na haiandiki. Akilini alimwona Edward siku ile, hana dhahabu mkononi, mwendo wa saa sita mchana, akiazima unga ili somo lisonge mbele.

"Picha ngapi za dhahabu mmetuma, mama? Kwa miezi tisa."

"Ngapi za dhahabu." Paskalina alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Hapa, mbili. Juliana yule, katoka Tabora, hakujua. Donge lilikuwa lake mwenyewe, akalipiga picha mara mbili. Simu ikakataa mara mbili. Nikamwambia, unaona? Hata simu inajua."

Wakacheka tena, isipokuwa Hosiana. Aliomba ile simu. Picha mbili za Juliana zilikuwa pale, zimewekewa alama nyekundu: haikutambuliwa. Akazitazama muda mrefu. Mitambo haikuzaliwa inajua dhahabu inafananaje. Ilijifunza kwa picha ilizotumiwa, na kwa miezi tisa ilitumiwa sembe.

"Na mabirika yenyewe?" aliuliza. "Mkichoma dhahabu ya kweli, mnayatumia?"

"Mimi natumia. Juliana anatumia. Na mwingine mmoja."

"Linachelewesha!" Sesilia alijitetea kabla hajatajwa. "Wenye mawe wamesimama hapa, wanakupumulia shingoni kama ng'ombe, utangoja birika lipoe? Ngoja wewe."

Watatu kati ya kumi na wawili. Hosiana alifunga daftari. Alijaribu kumweleza Paskalina kwa maneno mepesi, na hayakuwa mepesi. Kwamba kuna kanuni inakuja Julai. Kwamba kibali kitatolewa kwa kufuata alama za kijani. Kwamba mtambo umekwisha kufundishwa kuwa sembe ndiyo dhahabu, na dhahabu ni kitu kisichojulikana.

"Kwa hiyo," alisema Paskalina, safari hii akilirudia neno kama mtu anayelibeba mgongoni, "atakayechoma vizuri na kupiga picha ya kweli, atanyimwa kibali. Na atakayekanda sembe, halafu akaenda kuchomea zebaki kwenye bati mbele ya pua yake, atapewa."

"Ndiyo, mama."

"Nchi nzima."

"Nchi nzima."

Paskalina aliiangalia mikono yake. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kikicheza chenyewe, kama kilivyocheza kwa miaka mingi. Alihamia Kahama baada ya kumzika mumewe, akaanza kwa kuponda mawe kwa nyundo na baadaye akapanda kuwa mchomaji. Miaka kumi na minne ya mvuke kabla ya birika kuja. Alilipenda birika lile. Na kwa kuwa alilipenda, mradi ulimtuma kuwafundisha wengine.

"Vikundi kumi na tisa," alisema. "Kutoka hapa mpaka Geita. Nimepita kwa miguu yangu. Nimewaonyesha jinsi ya kukanda, mwanangu. Nimewaambia majivu yasizidi."

Mkutano wa kupitisha taarifa ulipangwa Alhamisi, katika ukumbi mmoja mtaa wa Kambarage, mjini Shinyanga. Siku mbili kabla, kiongozi wa mradi, bwana aliyeitwa Donatus, alimpigia Hosiana simu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa amewaahidi watu.

"Dada Hosiana, kila utafiti una kasoro zake. Kikundi kimoja kimekosea, tuseme hata viwili. Weka sentensi moja mwishoni, kwenye mapungufu. Tusitupe maisha ya watu kwa ajili ya unga."

"Si kikundi kimoja, Donatus."

"Una ushahidi gani? Maneno ya mama mmoja wa mwaloni?"

Hapo Donatus alimkamata. Hosiana aliandika ile sentensi ya mapungufu, akaifuta, akaiandika tena. Ilikaa vizuri sana mwishoni mwa ukurasa; hakuna ambaye angeisoma. Alijua pia kwamba asipoiweka sahihi yeye, ataitwa mwingine aiweke. Akampigia Paskalina, nusu kwa kumtaarifu, nusu kwa kutafuta pa kuegemea.

"Alhamisi nakuja," alisema Paskalina.

"Mama, hukualikwa."

"Unasema sikualikwa." Makarasha yalinguruma nyuma yake. "Msibani nani hualikwa?"

Alifika saa tatu na nusu, kikapu mkononi, amevaa gauni lake la kanisani. Mlinzi wa getini alitaka kujua kikapu kina nini. Paskalina alimrudishia swali lake taratibu, kisha akamwonyesha birika, na mlinzi akamruhusu akidhani kaja kupika chai. Hosiana alimkalisha nyuma, karibu na dirisha.

Donatus alizungumza vizuri. Ukutani ilikuwapo ile namba, tisini na nne, kubwa kuliko kichwa cha mtu. Watu ishirini na kitu mezani waliitikia kwa vichwa. Ilipofika zamu ya mtathmini, Hosiana alisimama. Sentensi yake moja ilikuwa mkononi. Akaikunja.

"Kabla sijasema langu," alisema, "naomba tumwone mchomaji mmoja akifanya kazi."

Paskalina akaja mbele. Akatoa birika, akaliweka juu ya kitambaa cheupe cha meza, kati ya chupa za maji. Akatoa kopo la dawa, na ndani yake donge lililofungwa kitambaani.

"Hili ni la kwangu," alisema. "Nilinunua marudio, mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara moja, nikasaga, nikachenjua mwenyewe. Halina mwenyewe mwingine wa kunidai. Likikimbia, limenikimbia mimi."

Hosiana peke yake katika chumba kile ndiye aliyejua uzito wa maneno yale. Mama huyu, aliyewafundisha mamia ya wanawake namna ya kuukwepa mwiko, alikuwa anauvunja mbele ya watu, kwa dhahabu yake ya mwezi mzima. Akaelekeza simu. Akapiga. Nyekundu. Akapiga mara ya pili, kwa karibu. Nyekundu. Simu ilikuwa imeunganishwa na mtambo wa kuonyeshea ukutani, picha ikatokea kando ya ile namba, na wote waliona: haikutambuliwa.

Kisha akatoa kopo la pili, akachukua unga, akakanda palepale kwenye meza ya wakubwa, vidole viwili, majivu yasizidi. Simu ikalia kwa furaha. Kijani.

Mtu mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza. Bwana mmoja aliyekaa mbele, mwenye rasimu ya kanuni mapajani, akainamia meza.

"Kwa hiyo mama, mlikuwa mnatudanganya miezi yote hii?"

"Unauliza kama tulikuwa tunawadanganya." Paskalina alimtazama, na ukumbi mzima ukangoja. "Nimefundisha vikundi kumi na tisa kukanda sembe. Nilidhani ndivyo mlivyotaka. Sikuwauliza, na nyie hamkuniuliza. Wiki iliyopita nimejua. Kama ningejua nikakaa kimya mpaka Julai, hapo ningekuwa nimewadanganya, na ningewadanganya pia wale niliowafundisha."

"Ule unga niliuomba mimi," ilisema sauti ya mtu aliyekuwa kando ya ukuta. Edward alikuwa amesimama, uso umemwiva. "Kwa mama lishe. Ulikuwa wa mfano tu. Sikuwaambia kwamba ni wa mfano."

Donatus alikaa akiitazama namba yake ukutani mpaka mtu akaizima. Haikuwa raha kumwangalia. Jioni ile iliamuliwa kwamba kanuni haitatoka Julai, kwamba vikundi vyote vikaguliwe upya kwa macho ya watu, na kwamba safari hii wenye mawe nao waitwe kwenye mafunzo, maana bila wao hakuna picha wala birika. Hosiana aliweka sahihi kwenye taarifa yenye kurasa saba za mapungufu. Donatus alimpa mkono mlangoni.

Mwaloni hawakumshangilia Paskalina. Simu zilikusanywa, na vifurushi vya simu ambavyo mradi uliwanunulia kila wiki vikaenda nazo. Sesilia alimnunia siku kumi. "Umetuuza kwa watu wa ukumbini," alimwambia, "na chai yenyewe hukupewa." Paskalina alikubali kwamba hakupewa chai. Kuhusu lile donge lake, aliporudi alilichoma ndani ya birika mbele ya kikundi kizima, na likatoa dhahabu. Sesilia aliapa kwamba ilikuwa pungufu. Juliana aliapa kwamba ilitimia. Mwenyewe alisema imetoka ilivyotoka, akaenda kuiuza. Ila kutoka siku hiyo Juliana hakuwa peke yake tena aliyepiga picha ya kweli. Wanawake wengine wawili waliokuwa na marudio yao wenyewe walijaribu, kwa simu zao binafsi, wakificha kwa kanga.

Hosiana alirudi Kahama mwezi uliofuata na taarifa iliyokamilika. Hakulazimika kurudi. Alitaka Paskalina asikie yaliyoandikwa juu yake kabla hayajasomwa na watu wasiomjua. Wakakaa uani kwake, kuku wakidonoa miguuni, naye akasoma kwa sauti. Alisoma ukurasa wa mwiko, ukurasa wa mafunzo, ukurasa wa siku ile Kambarage. Alipofika pale penye maneno "Mhojiwa Namba Kumi na Saba alieleza kwamba kosa lilienea kupitia mafunzo aliyoyatoa yeye," Paskalina akainua mkono.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, mama. Majina tunayaficha. Ni utaratibu wa utafiti, kuwalinda watu."

Paskalina akaushusha mkono, akamwashiria aendelee. Hosiana alimaliza kusoma, wakala viazi vitamu na mtindi, wakazungumza habari za wajukuu na mvua. Kisha Paskalina akamsindikiza mgeni wake mpaka barabarani. Wiki mbili baadaye dhahabu ililipuka huko Mbogwe, watu wakamiminika kwenye mashimo mapya, na Paskalina akaifuata kama wote walivyoifuata, na birika lake kikapuni. Tangu hapo simu yake haipatikani, na Hosiana kila akipita njia ile huwauliza watu wa mwaloni bila kupata jibu la maana. Kwa hiyo yaliyobaki ni yale aliyoambiwa pale barabarani, basi likiwa limekwisha kusimama na kondakta anapiga bodi kwa kiganja, na Paskalina ameshika dirisha kana kwamba anaweza kulizuia lisiondoke.

"Futa hiyo Namba Kumi na Saba, mwanangu. Andika Paskalina Ngassa ndiye aliyekosea, na ndiye aliyekuja kusema. Asiyeamini aje aniulize."